Shinora wa Bibi

Mimi mtu wa Tanga, na kwetu anayepiga hodi sahani zikishapakuliwa ana jina lake: doezi. Nimekua nikiwacheka madoezi, kumbe zamu yangu ilikuwa inanisubiri Marekani.

Brooklyn nilipanga chumba chini ya bibi mmoja wa Kiyahudi. Kila Ijumaa kabla jua halijatua, bibi huyo huinjika sufuria ya cholent: maharage, shayiri, viazi, nyama. Sabato kupika ni mwiko, basi sufuria inakesha juu ya moto mdogo mpaka Jumamosi mchana. Inakesha! Na wewe huku chini umelalia chai na mkate, harufu inashuka ngazi kama mshenga. Jumamosi saa saba kamili niko mlangoni kwake. Wiki hii narudisha bakuli, wiki ijayo namjulia hali. Kuna siku nilirudisha bakuli ambalo wala halikuwa lake.

"Nu," husema akicheka, "shinora wangu kaja!"

Nikajua ndiyo "jirani kipenzi" hiyo. Nikalipenda jina.

Mjukuu wake akaoa, Jumapili, nami nikaalikwa. Wazee wa mlangoni wakauliza mimi ni nani kwa maharusi. Nikatanua kifua: "Shinora wa bibi yake bwana harusi!"

Kimya. Kisha mzee mwenye ndevu nyeupe akatia mkono mfukoni, akanipachika dola 5 kiganjani. Wa pili akatoa 10. Nikasema, alaa, kumbe na hawa wanatunza! Nikawa najitambulisha meza kwa meza.

Nilipofikisha dola 23, bwana harusi akanivuta pembeni, machozi ya kicheko yanamtoka. Neno lenyewe ni "schnorrer", Kiyidi hicho, lugha ya Wayahudi wa Ulaya: ombaomba, mla vya watu. Harusini kwao ombaomba huingia na kupewa, maana sadaka, tzedakah, ni wajibu. Tena schnorrer wa kweli hanyenyekei, anadai. Akanipa na kisa chao cha zamani: tajiri alimpunguzia schnorrer wake fungu, akilalamika mwaka huu biashara mbaya. Jamaa akamaka: "Biashara yako mbaya, mimi kosa langu nini?"

Mbio kwa mzee wa ndevu, nimrudishie tano yake. Akafoka: "Unataka kuninyang'anya thawabu yangu?"

Jumamosi iliyofuata nikajifungia kwa aibu, dirisha nimelibana harufu isipite. Saa saba na nusu nikasikia bakora inagonga dari. Nikapanda, nikala, hakusema kitu. Sabato hawazungumzi pesa.

Jumapili alfajiri, hodi. Bibi huyo mlangoni kwangu, kanga ya usingizi hata sijaifunga vizuri.

"Dola 23," akasema. "Harusi ilikuwa ya nani?"

Nikampa 11. Hakuondoka. Alikuwa anangoja senti 50.