Mume wa Mwalimu Ameondolewa

Kabla hamjaendelea kuisambaza kwenye magrupu ile sauti ya DJ, kwamba nililewa nikatangaza mapenzi kwenye sendoff ya binamu yangu, nisikilizeni na mimi. Sikutangaza mapenzi ukumbini. Sikuwa nimelewa. Nilikuwa nahamisha leseni ya programu.

Najua. Mke wangu naye alinitazama hivyo hivyo.

Mnaoijua kazi yangu ya video mnaikumbuka ile laptopu yangu ya Windows, yenye bawaba moja. Tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida, na Windows 11 ikaikataa mashine yangu kwa sababu haina TPM 2.0, kile kichipu cha usalama. Jamaa wa Kariakoo akaniuzia Mac ya mtumba, kompyuta ya Apple, ile yenye chipu ya M1 iliyotoka 2020. Laptopu nikamwuzia dogo mmoja wa Ifakara. Nilifuta mafaili yangu yote kabla ya kumkabidhi, nikajiona afisa usalama.

Kuhama kwenyewe kulikuwa na vituko vyake. Office niliyoinunua mara moja kwa ajili ya Windows haivuki kwenda Mac, ukitaka unanunua nyingine. Diski yangu ya nje, yenye mpangilio wa Windows uitwao NTFS, Mac inaisoma vizuri lakini haiandiki humo hata nukta. Na wewe uliyeniambia "si uweke tu Windows kwa Boot Camp", ile programu ya Apple ya kuingiza Windows kwenye Mac, kwenye M1 hiyo kitu haipo, asante kwa ushauri.

Programu ya kuhariri ndiyo ilinipa moyo. Leseni yake inakubali Windows na Mac, ufunguo ule ule. Sharti lake ni kompyuta mbili tu. Ukitaka ya tatu, unaondoa moja kwenye orodha. Zangu mbili zilishajaa, ya ofisini na ile laptopu. Nikasema nitaondoa laptopu nikipata nafasi. Nikaishusha, ikanipa muda wa majaribio, ikawa inafanya kila kitu. Ila ukiitoa video iwe faili, inaigonga maandishi makubwa katikati ya picha. Ukiicheza humo humo ndani, picha ni safi kabisa. Hapo akili ikanituma: kwani lazima niitoe? Naichomeka Mac kwenye projekta ya ukumbi, nacheza moja kwa moja, nani atajua?

Sendoff yenyewe ilikuwa ya binamu yangu, Mbezi. Ukumbi umejaa, wazee mbele, mama mkwe wangu meza ya tatu. Na meza ya kamati alikaa mtunza hazina, ambaye mtaa mzima unamwita Mwalimu. Mimi na Mwalimu tuliwahi kuwa na jambo letu enzi za chuo. Likaisha kwa amani, yeye akaolewa, mimi nikaoa, tunasalimiana kama watu wazima. Mumewe ni mtu wa mazoezi. Mke wangu alikuwa anaijua nusu ya hadithi.

Video ikaanza. Binamu mdogo hana meno, watu wanacheka. Binamu na sare za shule, watu wanapiga vigelegele. Ikafika pale mama yake anaongea na machozi yanaanza, taa zimezimwa, DJ ameshusha muziki. Picha ikaganda. Kisanduku cheupe kikatokea, pale pale kwenye pua ya mama mzazi: muda wako wa majaribio umekwisha. Chini yake vitufe viwili, Nunua na Nina Leseni. Kitufe cha "Baadaye" nilikitafuta mpaka pembeni, hakipo.

MC akashika kipaza sauti. "Bwana harusi mtarajiwa umesoma? Muda wa majaribio umekwisha. Sasa nunua!"

Ukumbi ukalipuka. Na mimi nikacheka, maana hapo mambo yalikuwa bado mazuri. Mnaouliza kwa nini sikuchomoa waya: DJ alikuwa ameubandika kwa selotepu, mizunguko kama anafunga kifurushi cha kwenda kijijini. Huyo huyo DJ ndiye leo mnamsikia kwenye sauti anacheka mpaka anakohoa.

Nikabonyeza Nina Leseni. Nikarusha intaneti kutoka kwenye simu, nikaweka barua pepe, nikaweka nywila. Taratibu, kwa heshima, orodha ikafunguka kwenye skrini yenye ukubwa wa ukuta: umefikia kikomo cha kompyuta mbili, chagua ya kuondoa. Ya kwanza ina jina la kiwandani, DESKTOP na mkorogo wa herufi, hiyo ni ya ofisini na bado inafanya kazi. Ya pili:

MUME-WA-MWALIMU

Naomba niwaeleze jina hilo, ingawa hakuna anayetaka kusikia. Laptopu ile niliinunua chuoni, na usiku ule ule Windows ikaniambia niipe jina. Hairuhusu nafasi kati ya maneno, nikaweka vistari. Na jina lisizidi herufi 15, vistari vikiwemo. Hesabuni. Limeingia 15 kamili. Kwa umri ule nililichukulia kuwa ishara kutoka juu. Halafu nikasahau, maana nani huangalia jina la kompyuta yake? Na kule kufuta kwangu kwa mbwembwe kulifuta mafaili tu, jina halikuguswa. Seva ya wenye programu ilikuwa bado inamtunza Mume wa Mwalimu kama mali yao.

MC alisoma kimya kwanza. Kisha akasoma kwa sauti. "Mume... wa... Mwalimu." Akageuka kwa wazee. "Jamani, Mwalimu ninayemjua mimi mkewe ni Mama Maria. Huyu mumewe ni nani?"

Wazee wakacheka. Meza ya kamati haikucheka. Niliona kichwa cha Mwalimu kikiinama polepole kuelekea kwenye sahani ya pilau. Niliona kichwa cha mumewe kikipanda. Cha mke wangu sikukiona, sikuangalia upande huo.

Nikachagua hiyo hiyo, mkono unatetemeka, mshale wa kipanya unacheza ukutani ukumbi mzima unauona. Kumbe programu ina adabu, haiondoi bila kuuliza. Kisanduku kingine, na MC akawa mkalimani wangu bila kuombwa:

"Una uhakika unataka kumwondoa Mume wa Mwalimu? Akiondolewa, hataweza tena kutumia!"

Meza ya vijana ikaanza: "Mwondoe! Mwondoe!" Wanapiga meza, chupa zinaruka. Mume wa Mwalimu, yule wa ndoa, wa cheti, akasimama. Nikabonyeza Ndiyo. Kile kiduara cha rangi cha Mac kikaanza kuzunguka. Kikazunguka. Ujumbe ukaingia kwenye simu: bando lako linakaribia kwisha. Nyie, mimi nimewahi kusubiri matokeo ya kidato cha nne, lakini yale hayakuzunguka namna ile mbele ya mtu mwenye kifua kama kabati.

"Ameondolewa kikamilifu!" MC akapiga kelele, DJ akagonga ngoma, na machozi ya mama yakaendelea pale pale yalipoishia, watu wamelala mezani kwa kicheko.

Mengine haraka haraka. Mumewe alinifuata nyuma ya ukumbi, nikamwonyesha jina kwenye orodha na tarehe ya kusajiliwa, akaikagua tarehe kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda, akaondoka. Mama mkwe ameniuliza kama nilisomea ualimu. Mke wangu ndiye aliyeipa Mac jina, na nywila anayo yeye. Dogo wa Ifakara kapiga simu kuuliza mume wa Mwalimu ni nani, maana kila akiunganisha laptopu na simu yake kwa Bluetooth ndilo jina linalotokea, na mchumba wake anasomea ualimu.

Leseni sasa iko sawa, mwenye kazi ya video anitafute. Ila nusu ya malipo yangu ya sendoff bado sijachukua. Iko kwa mtunza hazina, na ameniambia nikaifuate nyumbani kwake. Nani ananisindikiza?