Mlima Fuji Hauna Hatia, Taikan Je?

Mwaka 1940, mchoraji wa Kijapani Yokoyama Taikan, akiwa na umri wa miaka 71, alichora picha 20: kumi za bahari na kumi za Mlima Fuji. Japani ilikuwa inaadhimisha kile serikali ilichokihesabu kuwa miaka 2,600 ya dola ya kifalme. Picha zilionyeshwa katika maduka makubwa ya Tokyo, zikauzwa zote kwa yen 25,000 kila moja. Jumla yake, yen 500,000, mzee aliikabidhi kwa jeshi la nchi kavu na la majini. Zikapatikana ndege nne za kivita, na kila moja ikaitwa Taikan.

Wapo wanaomshutumu kwamba sanaa yake ilitumikia vita. Wanaomtetea wana hoja, tena si nyepesi. Taikan hakuchora askari wala maiti. Mchoraji mwenzake, Fujita Tsuguharu, alichora mapigano kwa rangi za mafuta, na vita vilipokwisha akabebeshwa lawama za wengi, hadi akaondoka Japani mwaka 1949 asirudi tena. Taikan alibaki, akafa mwaka 1958 akiheshimiwa. Kosa lake, wanauliza, ni lipi? Kuupenda mlima?

Hoja hiyo nadhani inamshusha hadhi. Mtu aliyeshika brashi kwa miaka hamsini alijua vizuri Fuji lenye jua linalochomoza, nembo za taifa lililokuwa vitani, lilimaanisha nini mwaka ule. Mwaka 1943 akawa rais wa chama kilichoundwa kuwafungamanisha wasanii na juhudi za vita. Hapo hatuzungumzii tena mzee anayechora mandhari nyumbani kwake.

Ila upande wa mashtaka nao una upofu wake: humsoma Taikan kuanzia mwisho. Alizaliwa Mito mwaka 1868, akasoma katika shule ya sanaa ya Tokyo chini ya mkuu wake, Okakura Kakuzo, na Okakura alipolazimika kuondoka mwaka 1898, naye akamfuata kuanzisha taasisi mpya, Nihon Bijutsuin. Huko, yeye na rafiki yake Hishida Shunso walithubutu jambo ambalo wenye mila hawakulisamehe. Uchoraji wa jadi, nihonga, hutumia madini yaliyosagwa, gundi ya wanyama na wino juu ya hariri au karatasi, na uti wa mgongo wake ulikuwa mstari. Wao wakauondoa. Waliilowesha hariri, wakapitisha brashi kavu juu ya rangi hadi kingo zikayeyuka, hewa na unyevu vikaonekana bila mpaka wowote. Wakosoaji wakaita kazi hiyo morotai, ukungu mtupu, na wanunuzi wakawakimbia. Mwaka 1903 walikwenda India, mwaka uliofuata wakaenda Marekani pamoja na Okakura, na huko picha zikapata soko. Waliporudi walihamia kijiji cha Izura ufukweni, maisha yakawa ya dhiki. Shunso alifariki mwaka 1911, akiwa bado kijana.

Kwa maneno mengine, huyu anayeitwa leo nembo ya Ujapani alikejeliwa kwanza kwa kutokuwa Mjapani wa kutosha. Ndiyo maana siwaamini wanaodai kwamba nihonga yote ilikuwa propaganda iliyosubiri vita.

Ushahidi ninaoupa uzito zaidi ni Seisei Ruten ya mwaka 1923, gombo la hariri lenye urefu wa takriban mita 40 lililochorwa kwa wino. Ukungu wa mlimani unakuwa matone, matone yanakuwa kijito, kijito mto, mto bahari, kisha joka linaibuka kwenye dhoruba na maji yanarudi angani. Lilianza kuonyeshwa Ueno, mtaa wa Tokyo, tarehe 1 Septemba, siku ileile tetemeko kubwa lilipoiangusha Tokyo, nalo likanusurika. Humo hakuna dola wala mfalme. Watu wamo, lakini ni wadogo, maji yanawapita tu.

Sasa lipi liamuliwe? Kuzificha picha za 1940 ni upuuzi. Nyingine ni nzuri sana, na huo ndio ugumu wenyewe. Kuzitundika kimyakimya kama mandhari ya kupumzisha macho ni udanganyifu zaidi. Mimi ningeweka kando ya kila moja kibao kifupi chenye mambo matatu: mwaka, bei, na ndege zilizopatikana. Taikan mwenyewe hakulificha hilo wakati ule, alijivunia. Makumbusho hayana sababu ya kumwonea haya kuliko alivyojionea.