Debe la Damu Mlangoni mwa Chuo Kikuu

Jumamosi moja ya Februari 1933, mkulima wa Wisconsin, Marekani, alipakia garini mtamba aliyekufa, debe la maziwa lililojaa damu na mzigo wa majani makavu ya klova yaliyoharibika. Akaendesha karibu kilomita 300 katikati ya dhoruba ya theluji hadi Madison. Ng'ombe wake walikuwa wakivuja damu ndani kwa ndani na kufa, naye hakujua walikuwa na nini. Alikuwa anamtafuta daktari wa mifugo wa serikali, lakini ofisi ilikuwa imefungwa. Mlango aliobahatika kuukuta wazi ulikuwa wa idara ya biokemia ya chuo kikuu cha jimbo, na ndani alikuwamo profesa Karl Paul Link. Damu ile ya debeni ilikataa kabisa kuganda.

Ndiko ilikotokea warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande. Ilianza kuuzwa mwaka 1948 kama sumu ya panya, ikaruhusiwa kwa binadamu mwaka 1954, na mwaka uliofuata Rais Eisenhower akatibiwa nayo baada ya mshtuko wa moyo. Herufi nne za kwanza za jina lake, WARF, ni ufupisho wa mfuko wa utafiti wa wahitimu wa Wisconsin, ulioigharimia kazi hiyo. Mfuko wenyewe ulianza mwaka 1925 kwa sababu ya hataza ya profesa mwingine wa chuo hichohicho, Harry Steenbock, aliyegundua namna ya kuongeza vitamini D katika chakula kwa mionzi.

Kisa hiki hunijia kila ninaposoma makala zinazouliza kama digrii "inalipa". Hesabu yake mnaijua. Unachukua mshahara wa mhitimu, unatoa wa asiye mhitimu, unaondoa ada na kipato alichokikosa alipokuwa darasani, kinachobaki unakiita faida. Hesabu si ya uongo, ila imepima kidole ikasema imepima mtu. Mgonjwa aliyeepuka kiharusi kwa dawa iliyotoka Madison hamo, pengine hata chuo hicho hakijui. Mwalimu wa hisabati anayelipwa kidogo anaonekana kama hasara, wakati thamani yake iko kwa watoto elfu moja waliopita mikononi mwake. Kwa kipimo hiki nesi mzuri ni uwekezaji mbaya kuliko dalali wa hisa wa wastani.

Waliovianzisha vyuo vya umma vya Marekani waliliona hilo. Sheria ya Morrill ilisainiwa na Abraham Lincoln mwaka 1862, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimepamba moto, na ililipa kila jimbo ekari 30,000 kwa kila mbunge na seneta wake ili liuze na kuanzisha vyuo vya kilimo na ufundi. (Ardhi hiyo ilikuwa imechukuliwa kwa watu wa asili, wengi wao kwa nguvu au kwa mikataba ya hila, tukizungumzia nani alilipia elimu ya umma Marekani, hao ndio wa kwanza kwenye orodha.) Mwaka 1887 likaja fungu la vituo vya utafiti wa kilimo, mwaka 1914 fungu la kupeleka maarifa hayo mashambani. Yule mkulima hakuzaliwa akijua kwamba chuo ni mahali pa kupeleka ng'ombe aliyekufa. Alizoezwa hivyo na miaka mingi ya fedha za umma.

Sasa tuje kwenye pesa, maana hapa ndipo mambo yanapoharibika. Majimbo mengi ya Marekani yanatakiwa kisheria kusawazisha bajeti zao. Uchumi ukiyumba, kodi zinapungua, na lazima kitu kikatwe. Magereza hayawezi kujiendesha kwa kuwatoza wafungwa pango. Shule za msingi haziwezi kuwatoza watoto ada. Hospitali za maskini zimebanwa na masharti ya serikali kuu. Chuo kikuu peke yake ndicho chenye mtu mwingine wa kumpelekea bili: mwanafunzi. Kwa hiyo kinakatwa kwanza na kinakatwa sana. Uchumi ukipona, fungu hurudi polepole na mara nyingi halifiki lilipokuwa, lakini ada iliyopandishwa hairudi chini. Baada ya msukosuko wa mwaka 2008 jambo hili lilitokea karibu nchi nzima. Leo Wamarekani wanadaiwa mikopo ya elimu ya zaidi ya dola trilioni 1.6. Sidhani kuna mbunge aliyewahi kusimama akasema, "Napendekeza tubebeshe vijana deni hili." Lilijengeka mkato kwa mkato, kila mmoja ukiwa na sababu yake nzuri.

Kuna hoja ya upande wa pili ninayoiheshimu. Mwaka 1969 wachumi Hansen na Weisbrod waliitazama California, iliyosifika kwa vyuo vya umma visivyotoza karo wakazi wake, wakaonyesha kwamba ruzuku kubwa zaidi iliangukia familia zenye kipato kizuri, kwa kuwa watoto wao ndio waliojaa kwenye vyuo vya juu. Kwa nini fundi alipe kodi ili mtoto wa wakili asome bure? Swali ni la haki. Lakini jibu lake linaweza kuwa kumtoza wakili kodi zaidi, au kumfungulia mtoto wa fundi mlango. Ajabu ni kwamba wanaolipenda swali hili huruka majibu yote hayo mawili na kutua moja kwa moja kwenye kupandisha ada, ambayo mtoto wa fundi ndiye wa kwanza kuiogopa.

Uingereza ilijaribu njia hiyo. Ada ilianza mwaka 1998 ikiwa haizidi pauni 1,000 kwa mwaka, ikafika 3,000 mwaka 2006, na mwaka 2012 kikomo kikawa 9,000. Wanafunzi hukopeshwa na serikali, hulipa kulingana na kipato, na salio hufutwa baada ya miaka. Kipindi hicho kilikuwa miaka 30 kwa walioanza mwaka 2012, sasa ni 40 kwa wapya. Maana yake sehemu ya gharama serikali inailipa vilevile, ila kwa kuchelewa, ikiwa imeshamtia kijana hofu ya miongo mitatu au minne. Ujerumani, majimbo kadhaa yalianza kutoza ada baada ya uamuzi wa mahakama ya katiba mwaka 2005. Kufikia mwaka 2014 yote yalikuwa yameifuta.

Sisemi vyuo vipewe hundi wazi. Katika majimbo mengi ya Marekani mtumishi wa umma anayelipwa kuliko wote, gavana akiwemo, ni kocha wa timu ya chuo, ya futiboli ya Kimarekani au ya mpira wa kikapu. Ofisi za utawala nazo huzaana zenyewe. Mkopo unaolipwa kulingana na kipato, kama ule Australia iliouanzisha mwaka 1989, naukubali kwa sehemu ile ya faida inayoingia mfukoni mwa mhitimu mwenyewe. Nisichokubali ni kuufanya mkopo uwe badala ya fungu la chuo. Mwanafunzi anaweza kulipia kiti chake darasani. Hawezi kulipia maabara inayobaki na mtu ndani yake Jumamosi jioni, theluji ikianguka, wakati hakuna mteja aliyepangwa kufika.

Na tusidhani yule mkulima aliondoka na dawa. Link alimweleza aache kuwalisha ng'ombe majani yale, jambo lililokuwa gumu kwa mtu asiye na lishe nyingine, akampa pole, akamwacha aanze safari ya kurudi jioni hiyo. Yeye na wasaidizi wake walibaki na debe. Kitu kilichokuwa kikizuia damu kuganda walikipata mwaka 1939, bajeti sita baadaye.