Mwalimu Ameona, Amenyamaza

Kuitambua insha iliyonakiliwa hakuhitaji programu yoyote. Mwalimu anasahihisha rundo la insha usiku, amefika ya ishirini na tatu, na ghafla mwanafunzi aliyekuwa akipigana na viambishi anaanza kuandika kama mhariri mkongwe. Sentensi zinanyooka. Istilahi ambazo hazijawahi kutajwa darasani zinapita bila kujikwaa. Hali ni hiyo kwa aya moja, mbili, kisha mwandishi wa mwanzo anarudi na makosa yake yote. Mwalimu anaweka kalamu chini. Anatazama rundo lililobaki, anatazama saa, anaandika pembeni "12/20, tumia maneno yako mwenyewe", kisha anafunua insha ya ishirini na nne.

Walio nje ya kazi hii wakisikia hivyo husema mwalimu ni mvivu, au mwoga. Walio ndani huita huruma. Mimi naona pande zote mbili zinakimbilia jina kabla ya kutazama kinachomfanya mtu mwenye akili timamu, anayeipenda kazi yake, apite tu.

Tuanze na mwalimu ambaye hakupita. Mwaka 2001, katika shule ya sekondari ya Piper, jimbo la Kansas nchini Marekani, mwalimu wa baiolojia Christine Pelton aliwapa wanafunzi mradi wa kukusanya majani ya miti na kuyaelezea. Mradi ulibeba nusu ya alama za muhula. Masharti yalikuwa yameandikwa tangu mwanzo na kusainiwa na wanafunzi pamoja na wazazi wao: anayenakili kazi ya mwingine amefeli. Kazi zilipokusanywa akaona maelezo yenye lugha isiyo ya watoto wa umri ule. Akachunguza, na wanafunzi 28 kati ya 118 wakaonekana wamenakili. Akawapa sifuri, na uongozi wa shule ukasimama naye. Wazazi wakaenda kwenye bodi. Desemba bodi ikaamuru uzito wa mradi ushushwe kutoka asilimia 50 hadi 30, na waliokuwa wamefeli wakapata njia ya kupita. Pelton akajiuzulu.

Huwa nairudia kesi hii kwa sababu mwalimu huyu alikuwa na kila kitu ambacho kanuni humtaka awe nacho. Alikuwa na ushahidi, alikuwa na saini, alikuwa na mkuu wa shule upande wake. Bado bei aliilipa peke yake. Kuna jambo jingine ndani ya uamuzi ule ambalo halizungumzwi sana. Uzito uliposhuka, ulishuka kwa darasa zima. Yule aliyeokota majani yake na kuandika kwa mkono wake alinyang'anywa sehemu ya jasho lake ili aliyenakili apumue.

Si kila kesi hufika kwenye magazeti. Nyingi hufia kwenye hesabu ya kawaida kabisa. Mwalimu mwenye insha 90, akitumia dakika 15 kwa kila moja, anahitaji saa 22 na nusu kumaliza. Hapo hajaandaa somo wala hajaingia darasani. Insha moja iliyonakiliwa si dakika 15 tena. Atafute chanzo, apigie mistari sehemu zinazofanana, aandike taarifa, amwite mwanafunzi, amwite mzazi au aende kwenye kamati ya nidhamu, ajibu rufaa. Ni siku nzima, pengine mbili, na hakuna anayempunguzia zile 89 zilizobaki. Chuoni kuna nyongeza: mwanafunzi huyohuyo mwishoni mwa muhula atajaza fomu ya kumtathmini mhadhiri, na mhadhiri wa mkataba wa mwaka mmoja anajua fomu zile zinasomwa na nani.

Kwa hiyo uvivu si neno sahihi. Mwalimu mvivu hata haoni. Huyu ameona, akapiga mahesabu, akakuta mfumo unamtoza yeye kwa kosa la mwingine.

Halafu kuna suala la ushahidi. Kujua ni kitu kimoja, kuthibitisha ni kingine. Zana kama Turnitin, programu iliyoanzishwa mwaka 1998 ya kulinganisha kazi za wanafunzi na maandishi mengine, hazipimi wizi. Hupima ulinganifu wa maneno, basi. Mwanafunzi aliyenukuu vizuri na kuorodhesha marejeo yake anaweza kupata asilimia kubwa, na aliyebadili neno moja moja kwa kutumia kamusi akapata ndogo. Lazima mtu akae asome, na tumeshaona saa zake zilivyo.

Akili mnemba ilipoingia, ardhi ikazidi kuteleza. Kampuni ya OpenAI yenyewe, iliyotengeneza ChatGPT, ilitoa kitambuzi cha maandishi ya mashine Januari 2023 na kukiondoa Julai mwaka huohuo kwa sababu usahihi wake ulikuwa mdogo. Mwaka huo pia watafiti wa chuo kikuu cha Stanford walivipima vitambuzi saba kwa insha 91 za TOEFL, mtihani wa kupima Kiingereza, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo zilitajwa kuwa kazi ya mashine. Kosa lao lilikuwa kuandika kwa msamiati wa kawaida, sentensi fupi, bila madoido. Yaani kuandika kama anavyoandika mtu yeyote katika lugha ya kujifunza. Agosti 2023 chuo kikuu cha Vanderbilt, Marekani, kilizima kitambuzi cha maandishi ya mashine cha Turnitin. Hoja yao ilikuwa hesabu nyepesi: mwaka uliotangulia walipitisha kazi 75,000, na hata kama chombo kingekosea mara moja tu kwa kila mia, kazi 750 zingepachikwa kosa ambalo halipo.

Mwalimu anayeyajua haya anasita, na anafanya vyema kusita. Kumwacha mwenye hatia ni kosa. Kumhukumu asiye na hatia kwa neno la mashine, akafukuzwa au akafutiwa mwaka, ni kosa la aina nyingine kabisa, na sioni mizani inayoyafanya yawe sawa.

Nadhani lugha nayo ina mkono wake hapa. Neno la kitaaluma la Ulaya, plagiarism kwa Kiingereza, linatokana na Kilatini, plagiarius, mtu anayeteka watu au kuiba watumwa wa wengine. Mshairi wa Kirumi Martial alilitupia mtu aliyejitwalia mashairi yake, karne ya kwanza. Kiswahili rasmi nacho hakikupepesa macho: tunasema wizi wa kitaaluma. Wanafunzi wenyewe wana maneno mengine. Wanakopi. Wanadesa. Sikiliza umbali ulivyo kati ya "ameiba" na "amedesa". La kwanza lina polisi ndani yake, la pili lina kicheko. Mwalimu yuko katikati, ana kijana wa miaka 16 mbele yake, na kanuni inamtaka atumie la kwanza. Wengi ulimi unakataa.

Wala hawakosei kila mara. Mtu anayejifunza kuandika katika taaluma mpya huanza kwa kuvaa nguo za wengine. Anachukua sentensi ya kitabu, anabadili vitenzi viwili, anageuza mwisho uwe mwanzo, na kwa moyo mweupe anaamini ameshasema kwa maneno yake. Mtafiti wa Marekani Rebecca Moore Howard, tangu miaka ya 1990, ametetea hoja kwamba uandishi huu wa viraka mara nyingi ni hatua ya kujifunza, na unastahili kufundishwa kabla ya kuadhibiwa. Nakubaliana naye kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ambaye hajawahi kuonyeshwa alama za kunukuu zinavyofanya kazi. Kwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili aliyebandika kurasa sita na kufuta jina la mwandishi wake, hoja hiyo haimfikii. Hakuna aliyejifunza chochote katika kufuta jina.

Kuna jambo moja zaidi linalowanyamazisha walimu, nalo husemwa kwa sauti ya chini. Swali lenyewe ni lilelile la miaka mitano iliyopita. Majibu yake yanauzwa, yanazunguka kwenye simu, yamepitia mikono ya vidato vitatu. Mwalimu aliyenakili swali lake mwenyewe anamwita nani mbele ya kamati? Na baadhi yetu slaidi tunazofundishia tumezitoa kwa watu wengine bila kuwataja. Wanafunzi wanajua.

Hadi hapa nimemtetea mwalimu aliyenyamaza, na sehemu kubwa ya utetezi huo naisimamia. Tatizo langu ni lile neno huruma.

Kusamehe kuna pande mbili: mkosaji ajue amekosa, na ajue amesamehewa. Yule wa insha ya ishirini na tatu hajui lolote kati ya hayo. Alichopata ni 12 kati ya 20 na sentensi ambayo huandikwa kwa kila mtu. Kwa upande wake njia ile imefanya kazi. Jirani yake aliyekesha akaandika kwa shida na kupata 11 naye anaona imefanya kazi, maana hao wawili wanaongea. Habari ya nani alikopi wapi huzunguka darasani kabla insha hazijakusanywa. Kwa hiyo mwalimu anaponyamaza si kwamba jambo limebaki kati yake na mkosaji. Wanafunzi 40 wamesoma jibu, na aliyefichwa ni mwalimu peke yake, asiyejua kwamba darasa zima linajua.

Tena, ukimya huo haugawanywi sawa. Mwalimu anapoamua kimyakimya nani apite, anatumia anachokijua juu ya watoto wake, na anachokijua kimejaa mapenzi yake. Mwenye adabu, anayekaa mbele, ambaye baba yake anafahamika, akinakili alikuwa amechoka tu. Mtukutu wa nyuma akinakili, tabia yake imejionyesha. Hakuna anayepanga iwe hivyo. Lakini uamuzi usioandikwa popote hauna wa kuusahihisha, na mwalimu hatakuja kugundua kwamba kwa miaka kumi huruma yake imekuwa ikielekea upande mmoja. Hapa ndipo kanuni kavu, hata ile ngumu ya Pelton, ina haki ambayo moyo mwema hauna.

Na huruma ya mwalimu haimfuati mwanafunzi nje ya darasa. Karl-Theodor zu Guttenberg alikuwa waziri wa ulinzi wa Ujerumani na mwanasiasa aliyependwa sana, mwenye shahada ya uzamivu ya sheria kutoka chuo kikuu cha Bayreuth iliyotunukiwa kwa sifa ya juu kabisa. Februari 2011 profesa mmoja aliyekuwa akiandika mapitio ya tasnifu hiyo aligundua vifungu vilivyonakiliwa. Watu wa kujitolea mtandaoni wakaipekua ukurasa kwa ukurasa. Shahada ikafutwa mwezi huohuo, na Machi 1 waziri akajiuzulu. Sidai kwamba wasahihishaji wake waliona wakanyamaza. Sifa ile ya juu inaonyesha kinyume. Ninachokitazama ni kwamba maandishi hayaozi. Yanabaki mahali pake yakimsubiri msomaji ambaye hana sababu yoyote ya kuwa mpole, na msomaji huyo huja wakati mtu ana mengi zaidi ya kupoteza kuliko alama za muhula mmoja.

Kati ya kamati na ukimya kuna nafasi kubwa, na walimu wazuri niliowaona huishi humo. Mmoja alikuwa na desturi ya kumwita mwanafunzi, kumgeuzia karatasi, na kumwomba amweleze aya moja kwa mdomo. Hakutaja wizi. Aliyeandika mwenyewe hueleza, hata kwa kubabaika. Aliyebandika hukwama kwenye istilahi ya pili, na kwa kawaida hukiri mwenyewe kabla hajaulizwa. Ni dakika kumi. Kisha mwanafunzi anaandika upya, kwa alama zilizopunguzwa, na wote wawili wanajua kwa nini. Njia hii pia humlinda asiye na hatia kuliko asilimia yoyote ya mashine, maana anapata nafasi ya kujitetea kwa kitu anachokijua kweli: mawazo yake.

Ina udhaifu wake, nao si mdogo. Mwalimu wangu huyu hakuandika popote. Aliona kuandika ni kumchafulia kijana jina kwa jambo lililokwisha. Sasa fikiria mwanafunzi mmoja aliye na masomo manne kwa muhula, na walimu wanne wenye moyo kama wake. Kila mmoja anamwita, anamgeuzia karatasi, anaona machozi, anampa nafasi ya kuandika upya. Muhula unaofuata ni walimu wengine wanne. Ofisini wanakaa meza zinazotazamana, wanaazimana chaki na kulalamikia ratiba, na kila mmoja anaamini kwamba kosa alilolisamehe lilikuwa la kwanza.