Vidole vya mama haviko kwenye mashine

Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa hapa Tanzania, ina tarakimu 20, nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Mama yangu anaijua yote kwa kichwa. Leo tumekaa dukani saa nzima kusajili laini yake ya simu, mashine haisomi vidole vyake. Gumba, haisomi. Cha shahada, haisomi. Anakifuta kwenye khanga, anakipulizia, anabonyeza tena, taa nyekundu. Kijana wa kaunta anamwambia, "Mama, vidole vimeisha hivi, kapake mafuta urudi kesho."

Vimeisha! Vidole hivyo vimeshika jembe tangu sijazaliwa, vimemenya mihogo, vimetufulia sote. Kitambulisho kipo mezani, sura ni yake, mwenyewe amesimama pale, lakini anayeaminiwa ni mashine. Na laini isiyosajiliwa kwa alama za vidole inafungwa, hela ya dawa ninayomtumia ataipokelea wapi?

Nchi hii imejaa wakulima na mafundi ujenzi. Aulizwe maswali ya taarifa zake, apigwe picha ya uso, asirudishwe tu nyumbani!

Kesho tunarudi. Tangu jioni anajipaka mafuta ya nazi.