Milipuko ya nyota inayozima haraka: spekta ina thamani ya muda wa darubini?

Kuna mjadala unarudi kila mara kwa wanaofuatilia anga: ile milipuko inayowaka na kufifia ndani ya siku chache, tuikimbize kwa spekta (mwanga uliotawanywa rangi kwa rangi, ambapo mistari hutaja elementi zilizomo) au tutosheke na kupima mwanga unavyopanda na kushuka? Supanova ya kawaida, yaani nyota inayolipuka, inakupa wiki mbili tatu kabla ya kilele, hizi hazikusubiri, ukichelewa siku tatu umekuta majivu.

Wanaosema tupime mwanga tu wana hoja nzito. Spekta inautawanya mwanga rangi kwa rangi, kwa hiyo kitu hafifu ambacho picha yake inachukua dakika kadhaa kinaweza kula saa nzima ya darubini kubwa. Halafu Rubin, darubini inayopekua anga kule Chile, inakadiriwa itatoa taarifa za mabadiliko mpaka milioni 10 kwa usiku mmoja, nani atazifuata zote? Bora kompyuta zifundishwe kutambua mlipuko kwa rangi na kasi ya kufifia.

Sawa, ila tuangalie AT2018cow, ile wengi wanaiita Cow. Ilionwa na ATLAS, darubini za kupekua anga kule Hawaii, Juni 2018, ikafika kilele ndani ya siku chache tu, na mwanzoni wapo waliodhani labda ni nyota ya humuhumu kwenye galaksi yetu inayofumuka kidogo. Kilichobadilisha mambo ni spekta, mistari ya kalisi ya galaksi yake ilionyesha iko mbali, kama miaka milioni 200 ya nuru, na hapo ndo ikajulikana kwamba hiyo kitu inang'aa mara nyingi kuliko supanova ya kawaida. Bila umbali hujui hata unabishania nini.

Lakini mi siwezi kusema spekta ilimaliza kesi, maana siku za kwanza ilikuwa karibu laini kabisa, bila mistari, joto kali na uvimbe mpana unaodokeza maada inakimbia kwa kama asilimia 10 ya kasi ya nuru, basi. Mistari ya haidrojeni na heli ilikuja kuonekana vizuri baada ya wiki mbili hivi. Aliyepiga spekta moja usiku wa pili akaenda zake alikosa karibu kila kitu cha maana, na kwangu hili ndo kosa kubwa kuliko kukosa darubini: spekta moja moja kwa vitu vingi, badala ya spekta nyingi kwa vitu vichache.

Kilonova (mlipuko wa nyota za nyutroni, masalia mazito ya nyota zilizokufa, zinapogongana) ya Agosti 2017, AT2017gfo, inaonyesha faida ya kurudi kila usiku. Ilianza na mwanga wa buluu ikawa nyekundu ndani ya siku chache, na kwenye mfululizo wa spekta za darubini kubwa ya VLT watafiti baadaye wakaitambua alama ya strontiamu, yaani elementi nzito iliyopikwa nyota mbili za nyutroni zilipogongana. Ungepima mwanga peke yake ungejua imekuwa nyekundu, ungekisia kuna elementi nzito, ila kuitaja kwa jina usingeweza.

Na hata huo mwanga wenyewe una shida, Rubin inarudi sehemu ileile baada ya siku kadhaa, kitu kama Cow kinaweza kupata nukta mbili tatu tu hapo, kompyuta itafundishwa na nini?

Kwa hiyo mi naona darubini za roboti za saizi ya kati, kama ile Liverpool Telescope ya La Palma iliyoifuata Cow mara nyingi, zipige spekta ya kwanza ndani ya saa chache, kubwa zisubiri vile vinavyobaki na joto wakati vingine vinapoa. Chanzo cha Cow bado kina kambi mbili: nyota kubwa iliyoporomoka ikaacha injini ndani, yaani kitu kizito kinachoendelea kuipa nishati, au shimo jeusi la uzito wa kati lililoirarua nyota. Mapigo ya eksrei, kama 224 kwa sekunde, yanasema kilichomo ndani ni kidogo na kizito, na mawimbi ya redio yanaonyesha gesi iliyosongamana pembeni, jambo linaloipa nguvu kambi ya nyota kubwa. Ila haidrojeni ile imetoka wapi, kwenye nyota iliyolipuka au iliyoraruliwa, hilo eksrei haikwambii, kinachokwambia ni upana wa mistari ya spekta na inavyosogea wiki hadi wiki.