Nitalipa Msimu

Huku kwetu kwenye korosho kuna neno moja lenye nguvu kuliko hundi ya benki: msimu. Unamdai mtu pesa ya bati, atalipa msimu. Mahari iliyobaki, msimu. Ngoma ya kumtoa mwali, msimu. Daftari la muuza duka wa Tandahimba limejaa majina, na mbele ya majina hakuna tarehe, kuna neno hilo tu. Wala hagombi, maana yeye mwenyewe mzigo wa jumla amekopa Mtwara mjini kwa neno hilohilo.

Sasa huyo msimu anayedaiwa na mkoa mzima, hebu tazama anavyopatikana.

Maua yakichomoza, kuanzia Juni hivi, ubwiriunga nao huo. Unga mweupe kama wa mhogo unakaa kwenye ua, ua linakauka, na korosho inafia humo kabla hujaiona. Dawa yake salfa. Mti mkubwa unakula gramu 250 kwa mzunguko mmoja, unarudia kila baada ya siku 14, mara nne au tano. Piga hesabu: mfuko wa kilo 25 unamaliza miti 100 mara moja tu, kwa hiyo miti 100 inataka mifuko minne au mitano mpaka mwisho. Ukipewa mifuko miwili ya ruzuku, shukuru, kisha chagua mwenyewe ni miti gani ufe nayo na ni ipi uiombee dua.

Na hiyo salfa ya bure haipandi mtini kwa miguu yake. Kuna mashine ya kubeba mgongoni, inakunywa petroli iliyochanganywa na oili, na mwenye mashine anahesabu miti kwa makini kuliko mtu wa sensa. Halafu lazima upulizie alfajiri, umande upo na upepo umelala, ndipo unga ushike ua. Ukijichelewesha mpaka saa nne, kusi linaibeba salfa yako yote na kuipeleka kwenye mikorosho ya jirani. Oktoba jirani huyo anavuna magunia, anasema Mungu kambariki.

Basi umepulizia, mfuko umekauka, ghalani mahindi yameisha, na korosho bado ni maua. Ni Agosti. Hapo ndipo anapoingia yule bwana mwenye bakuli. Kangomba kilikuwa kipimo, kipimo kikawa jina la biashara, biashara ikawa jina la mtu. Anakuja na debe la mahindi na maneno matamu: chukua, mwanangu, utanipa korosho msimu. Bakuli lake linaitwa kilo. Kulipeleka kwenye mzani ni utovu wa adabu, kwa sababu ukilipeleka utakuta kilo na ziada yake. Sheria inamkataza kununua nje ya mfumo wa vyama vya ushirika, hilo kila mtu analijua, na viongozi wanalisema kila mwaka kwenye kipaza sauti. Lakini sheria haina debe la mahindi la Agosti.

Serikali ilipoamua Novemba 2018 kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kuleta malori ya jeshi, wahakiki waliuliza swali dogo sana: shamba lako liko wapi? Walikuwepo watu wenye tani za korosho ambao hawajawahi kukanyaga chini ya mkorosho isipokuwa wakikimbia mvua. Wenye mashamba ya kweli nao wakakaa kwenye foleni hiyohiyo ya uhakiki, wengine mpaka mwaka ukageuka.

Haya, tuseme wewe umemshinda kangomba. Umeokota, umetenganisha na bibo, lile tunda lake, umeanika kwenye turubai siku mbili tatu, ukitikisa inalia. Usianike mchangani, inashika unyevu na uchafu. Usiifungie kwenye mfuko wa nailoni, inavuja jasho na kuota ukungu. Inatakiwa gunia la katani, kilo 80. Gunia hilo linaletwa kupitia chama cha ushirika, na lina tabia ya bibi harusi: watu wote wamefika, yeye bado.

Unafika chama cha msingi, ushirika wenu wa kijijini. Karani anachoma gunia kwa bambo, anatoa punje, anazitazama kama daktari anayetazama ulimi. Unyevu ukizidi asilimia 10, rudi kaanike. Zenye madoa, changa, zinazoelea majini: daraja la pili, na bei yake inashuka. Halafu kule ghala kuu zinapasuliwa upya kupima kiini. Gunia la kilo 80 likitoa ratili 48 za kiini, wanunuzi wanatabasamu. Ratili 48 ni kama kilo 22. Kilo 58 zilizobaki ni maganda, unyevu na vilivyooza, lakini mzani umezipima kwa heshima ileile, kwa hiyo hapo usinisikie nikilalamika.

Ninapolalamikia ni kwenye karatasi.

Sheria ya Stakabadhi za Ghala ni ya 2005, na korosho ya Mtwara ikaingizwa humo msimu wa 2007/08. Ukiisoma ni tamu: mali yako iko ghalani, umeshika stakabadhi, karatasi hiyo ni kama mali yenyewe, unaweza kuiweka rehani benki ukakopa huku ukisubiri bei. Safi kabisa. Sasa tazama ulichoshika mkononi. Umeshika risiti ya chama, inayosema umeleta kilo kadhaa. Stakabadhi ya ghala inaandikwa kwa jina la chama, kwa shehena nzima ya lori, ya kwako imo katikati kama chumvi kwenye mchuzi. Nenda benki na risiti yako uone watakavyokukaribisha kiti.

Na lori haliondoki mpaka lijae. Mzani wa kijijini ulisema 80, mzani wa ghala kuu unasema 79. Kilo moja imeitwa unyaufu. Gunia lako limekonda njiani kwa mawazo.

Mnada wenyewe hauna neno. Zamani zabuni zilikuwa kwenye sanduku, sasa bei zinashindana kwenye skrini kupitia Soko la Bidhaa, na wakulima mkiikataa bei mnaikataa, kama ilivyokuwa Tandahimba na Newala Oktoba 2018. Mzigo unakwenda zaidi India na Vietnam ukiwa na ganda lake, unabanguliwa huko, kazi inabaki huko.

Bei ikitangazwa redioni, kijiji kizima kinajua una shilingi ngapi. Hakuna anayetangaza makato. Usafiri, ghala, chama cha msingi, chama kikuu kinachounganisha vyama vya msingi, magunia, na ushuru wa halmashauri asilimia 3, ambao kisheria analipa mnunuzi. Analipa kweli. Ameshaupunguza kichwani kabla hajataja bei.

Pesa inatoka kwa mnunuzi, inapita chama kikuu, inapita chama cha msingi, inatengenezewa orodha, orodha inakwenda benki. Na benki inasoma herufi, haisomi sura. Bakari wa daftari la chama na Abubakari wa kitambulisho cha taifa ni watu wawili mpaka watakapopatanishwa, na mpatanishi yuko likizo. Jirani zako wote wamelipwa, wewe simu iko kimya. Kwa hiyo kabla msimu haujaanza nenda na kitambulisho, kadi ya benki na kitabu cha chama, vilinganishe herufi kwa herufi, hata ile nukta baada ya M.

Ujumbe hatimaye unaingia, Ijumaa saa kumi na moja jioni. Benki imefungwa. Wakala wa kijijini ana mashine, ana kiti, ana mwavuli, hana pesa taslimu; waliotangulia wamezimaliza asubuhi.

Na yule pale barabarani anayekuja na daftari kwapani, sijui nani amemwambia.